Picha Iliyoandikwa "Pambo Tu"

Sauti ya kompyuta ilivuta pumzi. Ishbel aliisikia vizuri, akajidanganya kuwa ni mvua ya mji wa Greenock kwenye kioo cha dirisha.

Alikuwa akitengeneza tovuti ya meli ya makumbusho, Elspeth, pamoja na ziara ya mtandaoni ambayo hata asiyeona angeifuata: kila picha aliiandikia maelezo, kompyuta ikayasoma kwa sauti. Picha moja tu hakuiandikia. Ilikuwa ya mwanamke wa mbao, Elspeth mwenyewe, aliyechongwa kwenye omo, mbele kabisa ya meli, ambaye Ewan, mume wa Ishbel, fundi wa meli, alimshika shavu na kumwamkia kila asubuhi kabla ya kupanda, kama mabaharia wote wa zamani. Ishbel, mkewe, hakuwahi kuamkiwa hivyo. Wivu kidonda, ukishiriki utakonda, na Ishbel alishiriki. Aliiwekea picha alama ya "pambo tu", na yenye alama hiyo kompyuta huiruka kimya.

Murdo, baharia mstaafu asiyeona, aliitwa kuijaribu ziara. Alisikiliza maelezo ya usukani, akasikiliza ya jiko, kisha akavua vifaa vya masikioni.

"Mwanangu, hapa katikati kuna nani?"

"Hakuna mtu, mzee. Pambo tu."

"Pambo halipumui." Akashusha sauti. "Umemruka mwenye meli? Sisi hata tukilewa chakari tulimwamkia kwanza. Mwandikie neno, upesi."

"Niandike nini? Mke mwenzangu?"

"Wewe cheka. Mimi sicheki."

Hakuandika. Kiburi kilimzidi.

Tangu hapo harufu ya lami ilimfuata nyumbani, ikakaa kwenye mito, ikaingia kwenye supu, na kila alipozima taa alisikia mbao zikilia kama meli inavyolia ikifungwa gatini, ilhali nyumba yao ilikuwa ya mawe matupu, na Ewan kando yake akitabasamu usingizini, akinyoosha mkono kupapasa shavu ambalo halikuwa la mkewe, akinong'ona salamu ile ile ambayo Ishbel aliitamani miaka yote ya ndoa yao.

Asubuhi Ishbel alikimbilia ofisini kuiondoa alama. Alikuta imekwisha kuondolewa.

"Elspeth," kompyuta ilisoma taratibu, "mke wa Ewan."

Ishbel akafungua ukurasa wa wafanyakazi na wasaidizi wa meli. Sauti ilimsoma Ewan, ikairuka picha iliyofuata, ikamsoma Murdo. Iliyorukwa ilikuwa yake, imewekewa alama: pambo tu. Aliifuta alama hiyo, ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi.

Mlango ukafunguka, Ewan akaingia na Murdo.

"Ewan, nisaidie," Ishbel alisema.

Ewan alimpita, akachukua kofia yake juu ya meza. Murdo alisimama, akageuza uso kuelekea kiti cha Ishbel.

"Ewan, kuna mtu hapa anapumua. Analia."

Ewan alikitazama kiti.

"Hakuna mtu, mzee. Twende, mke wangu hapendi kungojeshwa."