Alifuta Yeye, Lawama Nikabeba Mimi

Nina miaka sitini na mbili, naishi peke yangu hapa Tunduma. Yaliyonikuta yalinikuta miaka ya themanini mwanzoni, nikiwa msichana mwenye mchumba.

Nilifanya kazi kwenye mradi wa kilimo pale Vwawa. Wafadhili walituletea kompyuta iliyopanga malori ya mbolea yaende kijiji kipi na lini. Programu yake ilikuwa na mafaili mengi, na faili moja liliita jingine kusaidiwa kazi. Ukifuta linaloitwa, linaloita linakwama. Kazi yangu ilikuwa kuyasoma mstari kwa mstari, nijue lipi linategemea lipi.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Lwitiko, kijana wa Isongole. Ndiye huyohuyo aliyekuwa ameleta posa kwa baba yangu, kijijini kwetu Iyula.

Siku moja kompyuta ilijaa, akataka kufuta faili la zamani. Nikamwambia, "Hilo usiliguse, Lwitiko. Faili la vijiji vya Iyula linaliita."

Akacheka. "Mchumba, una wasiwasi sana."

Akalifuta. Nakala hatukuwa nayo...

Malori yakaenda kote isipokuwa Iyula. Tulipogundua, mvua zilishapita na mahindi yalikuwa yamegeuka njano kwa kukosa mbolea. Shamba la baba lilikuwa miongoni mwa yaliyoharibika.

Meneja akatuita. Nilimsubiri Lwitiko aseme ukweli. Akatazama sakafu, akasema, "Anayesoma mafaili ni yeye, mzee. Aliniambia halihitajiki."

Nilimpenda... ningempinga vipi mbele za watu? Nikadhani tukitoka nje atanieleza. Hakunieleza. Nilifukuzwa kazi, na baada ya mavuno akamtuma shangazi yake kuvunja uchumba.

Kijijini walisema binti wa mzee yule ndiye aliyewaletea njaa. Wakaacha kuja kwetu. Baba akaniuliza, "Mwanangu, ni kweli?" Nikamweleza yote. Akasema, "Mimi nimekuamini. Mwingine utamwambia nani akuamini?"

Alifariki kabla ya msimu mwingine. Waliobeba jeneza walikuwa wajomba zangu tu. Majirani walibaki mashambani mwao. Je, kuna uchungu unaoupita huo?

Dada zangu, mpendeni mtu, lakini akiwasingizia, jibuni palepale, hata sauti ikitetemeka. Mimi ukweli wangu niliuambia mtu mmoja tu, naye amelala Iyula.