Sura ya Nane ya Mwalimu Stadelmann

Barbla, mtumishi wake, alimkuta Mwalimu saa moja na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, amekaa kitini juu ya mnara wa saa, mikono magotini, uso umeelekea dirishani. Alishaweka bakuli la uji wa shayiri mezani, akamkaripia kwa kulala bila blanketi, ndipo akajua kwamba anamkaripia maiti.

Kufika saa tatu, mji mzima wa Wallenried ulikuwa na habari mbili. Ya kwanza, Mwalimu Melchior Stadelmann, mchungaji mstaafu na mtazama nyota, amefariki. Ya pili, ameacha karatasi ya kumkana Mungu. Ile ya kwanza iliwatoa watu machozi. Ya pili ikayakausha.

Saa tatu na nusu Meya Konrad Eisele alimwita Walpurga Zeller, mjane, mjalidi wa vitabu. Alipanda ngazi mia na kumi za mnara na aproni yake kiunoni, vidole vina gundi.

"Mama Zeller, maandishi yake yote unajalidi wewe?"

"Miaka kumi na minane sasa. Tangu marehemu mume wangu alipoanza kushona vitabu kichwa chini."

"Basi tazama hii uniambie kama ni mkono wake, tumalize. Tabibu anasema ni moyo tu. Hana jeraha, hana sumu. Maiti haina matata. Matata ni hii karatasi."

Walpurga akaisogeza kwenye mwanga, akasoma taratibu:

*Mimi, Melchior Stadelmann, nimeitazama mbingu miaka arobaini nikimtafuta Mungu, sikumwona. Jioni hii nimeutazama mwezi ukipatwa, ukawa mwekundu kama damu juu ya mapaa yetu, nikajua kwamba huko juu hakuna mtu. Vitabu vyangu vichomwe. 29 Novemba.*

"Mkono unafanana na wake," alisema.

"Basi."

"Nimesema unafanana. Tarehe iko moja, Bwana Meya."

"Ulitaka ngapi?"

"Mbili," Walpurga alisema. Nusu ya Wallenried ni Walutheri, nusu Wakatoliki, na kalenda ya Wakatoliki iko mbele kwa siku kumi. Jana ile ile ambayo kwa Meya ilikuwa tarehe ishirini na tisa Novemba, kwa jirani yake wa ukuta mmoja ilikuwa tisa Desemba. Mtu wa huko huzaliwa, huoa na kugombana kwa tarehe za kanisa lake. Mwalimu peke yake, kila alipoandika jambo la mbinguni, aliweka zote mbili, moja juu ya nyingine. Alisema mbingu si ya kanisa moja.

"Mtu anayekata roho hana nafasi ya kuandika tarehe mbili," Meya alisema. "Na saa nane mchimba kaburi atakuja kuniuliza achimbe wapi. Mkanaji anazikwa nje ya ukuta, karibu na machinjio, bila kengele. Sheria sikuitunga mimi."

"Nipe mpaka saa nane."

"Kwa nini ujisumbue? Alikuwa nani yako?"

Walpurga alitazama meza. Sura za kitabu kipya zilikuwa zimepangwa, makunjo saba ya karatasi yakingoja sindano yake. Alikuwa na tabia ya kusoma anachoshona. Humo ndimo alimosoma kwamba Jua limekaa katikati si kwa kiburi, bali kama baba anavyokaa karibu na jiko usiku wa theluji, kila mtoto apate joto kwa nafasi yake. Humo alisoma kwamba kukokotoa njia ya sayari bila kudanganya hata kidogo ni namna ya kusali. Siku hiyo alishona vibaya kwa kulia.

"Ni mtu aliyenifundisha kuinua kichwa," alisema. "Njoo hapa. Ona ukurasa wa mwisho wa sura ya saba. Chini kabisa, pembeni."

"Kuna neno moja. *Kivuli*."

"Ndiyo kazi yetu hiyo. Chini ya kila ukurasa mwandishi huweka neno la kwanza la ukurasa unaofuata, mjalidi asije akachanganya. Karatasi yako inaanza na *Mimi*. Ya Mwalimu ilianza na *Kivuli*. Kuna sura ya nane, Bwana Meya, na mtu ameichukua."

Meya alijikuna ndevu. "Mpaka saa nane," akasema.

Saa nne Walpurga alimkuta Barbla nyumbani kwa Mwalimu, amejifunika aproni usoni.

"Mwanangu, jiko la mnarani lina majivu mengi. Ulichoma nini asubuhi?"

"Kuni za msonobari, mama. Na maganda ya mayai."

"Karatasi je?"

"Thubutu! Mwaka jana nilifungia jibini ukurasa wa sayari ya Zuhura, alininunia wiki mbili. Kusoma sijui, lakini karatasi yenye wino hata nikiiota siigusi."

"Ulipomkuta amekufa, ulimwambia nani kwanza?"

"Shemasi Vögelin. Niligongana naye hapo chini mlangoni, nikamwambia Mwalimu hapumui. Akavua kofia, akasema Mungu amsamehe aliyoyaandika. Ndipo akapanda, mimi nikakimbia kwa Meya."

"Na jana jioni, nani alikuja kwa Mwalimu?"

Aproni ilipanda tena usoni. "Niliapa nisiseme."

"Barbla, atazikwa na matumbo ya ng'ombe."

"Padri Kassian! Saa kumi na mbili jioni, na chupa ameificha kifuani kama mtoto mchanga."

Padri wa Kikatoliki kupanda kwa siri kwa Mlutheri mashuhuri, na asubuhi Mlutheri huyo kakutwa na karatasi ya kukana! Habari ilimtangulia Walpurga mtaani. Alipofika bustani ya padri saa tano, watu sita walikuwa ukutani wanatoa maneno makali, na Meya amekuja na askari wawili.

"Nilijua," Meya alinguruma. "Mmeshindwa kumvuta akiwa hai, mnamchafua akiwa amekufa."

Padri Kassian Moosbrugger alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kabichi mkononi, macho mekundu. "Nifungeni," alisema, "lakini kwanza niacheni nimlilie. Miaka tisa nilipanda zile ngazi. Mimi nikimwombea aongoke, yeye akiniombea niongoke, na katikati ya sala tunakunywa. Nani atacheka nami sasa?"

Walpurga alichuchumaa mbele yake. "Padri, nieleze jana. Mwezi ulikuwaje?"

"Mama, ungeuona! Vitabu vyote vinasema mwezi ukipatwa hugeuka rangi ya shaba au ya damu. Nasi tukangoja hiyo damu. Haikuja! Ulizimika kabisa, ukatoweka kama jiwe kisimani, nyota ndogondogo zikawaka pale pale ulipokuwa. Mwalimu alipiga makofi kama mtoto. Akasema, 'Kassian, miaka arobaini na bado ananishangaza.'"

"Nani anayemshangaza?" Meya aliuliza.

"Mungu, Bwana Meya. Hapa mjini unamjua mwingine?"

"Ukaondoka saa ngapi?" Walpurga aliuliza.

"Saa tatu usiku, mwezi umerudi. Nilimwacha anachonga kalamu. Alisema sura ya nane imebaki mstari mmoja tu."

Walpurga alisimama. "Usimfunge bado," alimwambia Meya. "Nikuulize, wewe jana uliuona mwezi?"

"Ningeuona wapi? Si tulikuwa kanisani sote?"

Ni kweli, walikuwa kanisani. Jumapili iliyotangulia Shemasi Vögelin alitangaza kwamba kupatwa kwa mwezi ni hasira ya Mungu, na kila Mlutheri aje asali, madirisha yamefungwa mbao, tangu saa kumi na mbili jioni hata saa tatu. Walpurga mwenyewe alikuwa benchi la nne, anaimba.

Saa sita alimkuta shemasi katika chumba cha mavazi kanisani. Hartmut Vögelin alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, koti jeusi limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Alimkaribisha kwa heshima.

"Msiba mzito, Mama Zeller. Alinifundisha tangu nikiwa na miaka kumi na miwili."

"Na ukawa unamnakilia maandishi yake."

"Miaka sita. Alisema siku hizi hata yeye hawezi kutofautisha mkono wangu na wake." Alitabasamu, kisha tabasamu likafa. "Lakini aliacha kunipa kazi. Tangu ile nyota yenye mkia."

Walpurga aliikumbuka. Miaka miwili nyuma nyota yenye mkia ilipotokea, Shemasi Vögelin alihubiri kwamba ni kidole cha Mungu kinachomwonyesha mwenye dhambi mmoja mjini. Hakutaja jina. Mji ukalitafuta jina wenyewe, ukamwona Ursel Bantlin, mwanamke aliyeuza maziwa ya mbuzi na kuzungumza peke yake. Walimfukuza kwa mawe, theluji inaanguka. Aligonga milango saba. Wa sita ulikuwa wa Walpurga. Kesho yake wakamkuta kwenye kinu cha maji, amekufa kwa baridi, amekauka kama gogo.

"Jana baada ya ibada ulikwenda wapi, Shemasi?"

"Nyumbani. Nililala."

"Mwezi hukuuona?"

"Tulipofungua milango ulikuwa umerudi mzima. Kwani vipi?"

"Naulizauliza tu," alisema Walpurga. "Saa nane Meya anatuita mnarani. Usikose."

Saa nane kamili walikuwa wanne: Meya, padri, shemasi na Walpurga. Mwalimu alikuwa amelazwa kitandani, shuka jeupe hadi kifuani.

"Mama, sema," Meya alianza. "Mchimba kaburi yuko chini, na koleo lake."

Walpurga aliinua karatasi. "Aliyeandika hii anasema aliutazama mwezi, ukawa mwekundu kama damu. Padri, ulikuwa mwekundu?"

"Haukuwa na rangi. Haukuwepo."

"Huyu ni mtu wa Roma!" shemasi alidakia. "Mtaamini neno lake juu ya mkono wa Mwalimu mwenyewe? Mwezi ukipatwa huwa mwekundu. Kila kitabu kinasema."

"Kila kitabu, ndiyo," Walpurga alijibu. "Nusu ya mji walikuwa barabarani jana, Shemasi. Twende tumuulize mwoka mikate, tumuulize mlinda lango. Wote Wakatoliki, wote walitazama."

Meya alikohoa, akatazama viatu vyake. "Hakuna haja. Mke wangu alijitia kuumwa na jino akabaki nyumbani. Alichungulia. Usiku aliniambia mwezi umeibwa. Nikamwambia alale."



"Basi mwandishi wa karatasi hii hakuutazama mwezi," Walpurga alisema. "Aliuandika kutoka vitabuni, kwa sababu wakati unazimika yeye alikuwa ndani, madirisha yamefungwa. Mwalimu alikuwa hapa dirishani. Padri alikuwa hapa. Tuliokuwa ndani ni sisi, Walutheri kama mia mbili hivi. Kati yetu, ni wangapi wanaoweza kuandika mkono wa Mwalimu? Mimi namjua mmoja. Na mmoja huyo leo asubuhi, Barbla alipomwambia Mwalimu hapumui, alisema Mungu amsamehe aliyoyaandika. Barbla hakuwa ameona karatasi, na hata angeiona hajui kusoma. Wewe, Shemasi, uliisomea wapi?"

Vögelin aligeuka. Akatazama kitandani.

"Nilikuja kupatana naye," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Saa tatu na nusu, baada ya ibada. Nilimkuta amekaa kama mlivyomwona, bado ana joto. Sura iko mbele yake, wino mbichi. Nikaisoma. Nikafika kwenye nyota yenye mkia. Nikafika kwenye... jina." Alishika kingo za meza. "Ingechapwa. Ingesomwa kila mji, miaka mia, kwamba nilisimama mimbarini nikasema uongo juu ya mbingu, na mtu akafa. Nikaona, wakimdhani mkanaji, hakuna atakayekichapa kitabu chake. Nikaandika hiyo karatasi, nikaiacha mezani."

"Ukamtupa nje ya ukuta," padri alisema taratibu. "Mtu aliyekulisha."

"Na wewe ulimpandia kwa siri na chupa yako!" shemasi alifoka, kisha akaanza kulia, mabega yakimtikisika.

"Sura iko wapi, Hartmut?" Walpurga aliuliza. "Uliichoma?"

"Mara mbili nilifungua mlango wa jiko." Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akatoa karatasi zilizokunjwa zilizolala kifuani mwake tangu jana. "Sikuweza. Someni wenyewe mstari wa kwanza. Nani angeweza?"

Meya alizipokea, akasogea dirishani, akasoma kwa sauti yake nzito ya kutangazia bei ya ngano:

"*Kivuli cha dunia kina ncha. Jua ni kubwa kuliko sisi, ndiyo maana giza letu hupungua kadiri linavyokwenda, hata likafika mahali likaisha. Hugusa mwezi, haliifikii hata nyota moja. Ndivyo ilivyo dhambi yetu mbele ya rehema.*"

Alivua kofia. Akainama dirishani, akampigia kelele mchimba kaburi: "Ndani! Ndani ya ukuta, karibu na mlango wa kanisa! Na mwambie mpiga kengele ajiandae!"

Kisha akamgeukia shemasi. "Wewe nitakufukuza mji huu kabla ya giza."

"Usimfukuze," Walpurga alisema. "Kumtoa mtu mjini wakati wa theluji tumeshafanya mara moja."

Walimzika Mwalimu siku ya Ijumaa. Kengele za makanisa mawili zililia kwa wakati mmoja, jambo ambalo wazee walisema hawajalisikia, kwa kuwa makanisa hayo hayakubaliani hata lini ni Krismasi. Mchonga msalaba alipouliza aandike tarehe gani, Meya alimtazama Walpurga, kisha akajibu, "Zote mbili. Moja juu ya nyingine."

Jumapili saa tatu asubuhi Shemasi Vögelin alipanda mimbarini kwa amri ya Meya, na sura ya nane mkononi. Mbao za madirisha zilikuwa wazi, na mlangoni alisimama Padri Kassian, hakuna aliyemwambia aondoke. Shemasi alisoma juu ya kivuli na ncha yake. Alisoma kwamba nyota yenye mkia ilipita juu sana kuliko mwezi, kwamba haikuujua mji wa Wallenried wala haikumnyooshea mtu kidole. *Tulionyoosha kidole ni sisi, na mimi nilinyamaza. Aliyekufa aliitwa*

Hapo ukurasa uliisha. Shemasi hakuugeuza. Alibaki amesimama, na kanisa zima likatazama sakafu.

Walpurga alisimama katika benchi la nne. Usiku ule theluji ilipoanguka alikuwa amekaa nyuma ya mlango wake, mshumaa ameuzima, akihesabu hodi za mwanamke yule.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Neno liko chini ya ukurasa."

Shemasi aliinamisha macho, akalitazama.

"Ursel," alisoma.

Akageuza ukurasa.