Wanawake Wawili, Simu Moja

"Samahani Daktari, nina swali."

Darasa zima likacheka. Hapakuwa na haja ya kugeuka kumtazama msemaji. Kijana yule alibandikwa jina la Maswali tangu mwaka wa kwanza, na likamkaa vizuri kuliko hata lile alilopewa na wazazi wake.

Msichana aliyesimama kando ya projekta naye akatabasamu. Yeye walimwita Chapchap, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi. Tena Maswali alikuwa mchumba wake, na mitihani ikiisha wajomba zake walikuwa waende kwao Chapchap kuleta posa. Siku ya mazoezi kama hii, kabla ya kuwasilisha miradi ya mwisho mbele ya watahini, nani atakupa swali laini kama si mchumba wako?

"Uliza," alisema Daktari, msimamizi wao.

"Mfumo huu unawapangia wajawazito foleni ya kliniki. Kila mama anajiandikisha kwa namba yake ya simu, kisha anatumiwa zamu yake. Je, wanawake wawili wakiwa na simu moja?"

Tabasamu la Chapchap likakauka.

"Jaribu tuone," alisema Daktari.

Chapchap akamwandikisha mama wa kwanza. Akapata zamu. Akamwandikisha wa pili kwa namba ile ile ya simu. Hapo mama wa kwanza akatoweka kwenye skrini, jina, zamu na kila kitu, kana kwamba hakuwahi kuja kliniki.

"Jamani, mama wa watu kafutwa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na kicheko kikalipuka.

Daktari hakucheka.

"Karekebishe. Likitokea hili siku ya mtahini, utarudia mwaka."

Chapchap alikusanya nyaya zake akatoka. Maswali alimfuata hadi kwenye korido.

"Chapchap, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize? Umeniaibisha mbele ya darasa zima! Ungenivuta pembeni!"

"Nilikuvuta pembeni. Mara mbili. Ulikuwa unachapa."

"Muongo!"

"Pale kantini nilikwambia. Ukanijibu, 'Siku hizi nani anaazima simu?' Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye simu moja. Ya mama, ya shangazi, ya kila mtu."

"Kwa hiyo ukaona unilipizie leo?"

"Kulipiza nini tena? Nilijua ukisikia mbele ya Daktari utashtuka."

"Basi nimeshtuka. Umefurahi?"

Akaondoka. Bwenini alimkuta mwenzake wa chumba, binti waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Nimeshazipata habari," alisema Redio. "Mwenzangu, kikulacho ki nguoni mwako. Tuzo ya mradi bora ni moja tu. Anataka uanguke ili apande yeye."

Neno likamwingia. Chapchap akachukua simu, akaandika kwa ile kasi yake inayosifiwa:

"Usilete wajomba zako nyumbani kwetu. Tumemalizana."

Akatuma kabla hajasoma mara ya pili. Jibu lilichelewa kufika.

"Nimeelewa. Naomba radhi kwa kukuumiza mbele za watu. Kwa swali lenyewe siombi radhi, maana nataka ufaulu."

"Umeona kiburi?" alisema Redio.

Chapchap alikuwa bado ameinamia simu. Alikuwa anasoma maneno ya mwisho.

Jumapili akaenda kwa dada yake mkubwa. Huyu ndiye aliyeuzaa mradi wote. Chapchap aliwahi kumsindikiza kliniki, akamwona amesimama kutwa ameegemea ukuta, miguu imemvimba, asijue hata ataitwa saa ngapi. Siku ile ndipo aliposema, "Dada, nitakutengenezea kitu." Sasa dada alikuwa amekaa kitandani, tumbo limemtangulia, anakunja vinguo vya mtoto, huku mdogo wake akimwaga malalamiko.

Dada alisikiliza hadi mwisho.

"Simu yangu ilipozama kwenye beseni la nguo, niliazima ya nani?"

"Ya wifi."

"Na wifi wakati ule alikuwa na nini tumboni?"

"Mtoto," alisema Chapchap, akivitazama vile vinguo.

"Tulikuwa tunakwenda kliniki moja, siku moja, simu moja. Sasa niambie, mtaalamu wangu. Mfumo wako ungemfuta nani? Mimi au wifi?"

"Aliyetangulia," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi ungenifuta mimi, maana wifi hajawahi kuwahi popote."

Chapchap akacheka, machozi yakimtoka.

"Lakini dada, mbele za watu!"

"Hapo kakosea, na nikimwona nitampasha. Mtu akikuona una mboga kwenye meno, akuambie taratibu. Ila mdogo wangu, mboga ilikuwepo."

Chapchap alirudi chuoni na kuufumua mradi. Iliuma kama kufumua sweta ulilokwisha kulifuma hadi mikono. Safari hii kila mama alipewa namba yake ya kadi, na simu ikabaki kuwa njia tu ya kumfikishia ujumbe. Kila ujumbe ukaanza kwa jina la mwenyewe, ili anayeshika simu ajue ni nani anayeitwa. Kwa mara ya kwanza maishani Chapchap alichapa polepole. Kila alipofika mahali pagumu alijisikia akiuliza, "Je, ikitokea hivi?" na sauti aliyoisikia kichwani haikuwa yake. Alimkumbuka mwenye sauti. Lakini kumpigia hakuthubutu. Utaanzia wapi, na wewe ndiye uliyesema mmemalizana?

Siku ya kuwasilisha ikafika. Mtahini wa nje alikuwa mama wa makamo, miwani shingoni, mtu wa kusikiliza bila kutikisa kichwa. Chapchap alipomaliza kueleza, mama yule akasogea kwenye kibodi.

"Najiandikisha mimi. Sawa. Sasa namwandikisha mkwe wangu, kwa simu yangu hii hii."

Chapchap akashika ukingo wa meza.

Majina mawili yakasimama kwenye skrini, moja chini ya jingine. Kila mtu na zamu yake.

Mtahini akavaa miwani.

"Vizuri sana. Wengi hulisahau hili. Wewe uliligunduaje?"

Jibu jepesi lilikuwa tayari mdomoni. Angesema alifanya utafiti, na nani angebisha? Akamtazama Daktari, Daktari akatazama dari.

"Sikuligundua mimi," alisema Chapchap. "Nilionyeshwa, nikakasirika."

"Na nani?"

"Mwenzangu. Yuko nje anasubiri zamu yake."

"Umemshukuru?"

"Bado."

"Binti yangu, umefaulu. Sasa unangoja nini humu ndani?"

Maswali alikuwa kwenye benchi la korido, kompyuta mapajani, tai imepinda. Akasimama ghafla.

"Imekuwaje?"

"Nimefaulu. Amejaribu simu moja, watu wawili."

Maswali akafumba macho, akapumua kama aliyetua mzigo. "Mungu ni mwema."

Hapo ndipo Chapchap alipoelewa kwamba mtu huyu alikuwa amekaa pale anauogopa mtihani wa mwenzake kuliko wake.

"Asante," alisema. "Asante kwa swali. Asante kwa kunivumilia nilipokununia. Na ile meseji yangu, naomba uifute."

"Niliifuta siku ile ile. Na mimi nisamehe. Nilitaka ushtuke, sikufikiria utaumia."

"Dada ana maneno na wewe kuhusu hilo."

"Nitayapokea yote."

"Fungua mfumo wako."

"Ili iweje?"

"Mbele yako kuna watu wangapi?"

"Wawili."

"Basi fungua. Niliharibu wiki nzima ambayo ningekukagua."

Ulikuwa mfumo wa kuazima vitabu maktaba. Chapchap akafikiri, akaandika kwamba kitabu kimeazimwa leo, kikarudishwa jana. Mfumo ukapokea bila aibu.

Maswali akakodoa macho. "Mama yangu!"

"Nimekwambia pembeni, umeona?" Akamrudishia kompyuta. "Haya, chapa. Leo maswali ni yangu."

Maswali naye alifaulu. Wajomba wakaja, na sebuleni pakajaa hadi Redio akakaa kwenye mkono wa kochi. Dada alimpasha Maswali maneno yake huku ananyonyesha, Maswali akaitikia yote kwa adabu. Baba yake Chapchap alipomaliza kuzungumza, akauliza:

"Kuna mwenye swali?"

Watu wote wakamgeukia mtu mmoja.

Maswali akasimama.

"Mimi leo sina swali, baba. Nina asante tu."

"Na wewe binti yetu, unawakubali wageni hawa?" baba akamgeukia Chapchap.

Chapchap alimtazama sana yule kijana na tai yake iliyopinda, hadi dada akamfinya.

"Ndiyo," alisema taratibu.