Kapu la Severina

Severina ni fundi cherehani wa Mandewa, Singida mjini. Dada yake, Editha, anaishi kijijini karibu na Kiomboi. Mume wa Editha, Calist, alianguka mtini akitundika mzinga wa nyuki, akavunjika mguu. Tangu hapo hashiki jembe. Nyumba ikabaki inategemea kuku wa Editha. Kuku wakiuzwa, mbegu ya alizeti inanunuliwa. Kuku wakiisha, shamba linalala.

Severina alimpenda dada yake, na hakupenda kwenda mikono mitupu. Kila alipopanda basi la Kiomboi alikuwa na kapu. Mara mapazia yenye maua. Mara keki ya dukani. Mara vitambaa vya kufunika viti, ingawa viti vyenyewe nyumbani kwa Editha vilikuwa viwili. Moyo wake ulikuwa mzuri. Kuuliza tu ndiko kulikomshinda.

Huko kwao kapu la mgeni halirudi tupu. Ukiletewa kitu, nawe unatia chochote. Editha alilelewa hivyo. Kila mara kapu lilirudi Mandewa na kuku ndani, na Severina akawaambia wateja wake, "Kwa kuku, dada yangu hajambo."

Mvua za kwanza zilipokaribia, alifika na glasi zenye ukingo wa rangi ya dhahabu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu. Za mjini?"

"Nzuri. Shemeji anaendeleaje?"

"Anasogea na gongo lake."

Majirani walikuja kusalimia. Severina akazipanga glasi mezani moja moja, watu wazione. Wakazisifu. Editha akashukuru, kisha akatoka kwenda uani. Alikawia kidogo. Aliporudi, alimtia kuku kapuni, amefungwa miguu.

Jirani mmoja, Mama Benson, alimsindikiza Severina kuelekea barabarani. Mama huyu ni mjane. Aliwahi kusaidiwa na watu wengi, kwa hiyo mambo ya misaada anayajua. Njiani kuku alihangaika. Severina akamshika ili atulie.

"Mbona kifua hakina manyoya? Na ana joto. Anaumwa?"

"Haumwi, mwanangu. Ametolewa kwenye mayai."

Severina akasimama. "Alikuwa analalia?"

"Ndiyo. Na ndiye wa mwisho. Jogoo yupo. Mitetea ndio wameisha. Wengine umewala wewe."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angesemaje, na wewe umepanga glasi mbele ya watu? Mimi nilipofiwa na mume wangu nililetewa zulia. Nililifagia kila siku, na njaa yangu tumboni. Aliyelileta hakuniuliza."

Severina aliona aibu, aibu ya kweli. "Basi ngoja nimrudishe."

"Ukimrudisha hivihivi utakuwa umemwambia kwamba hana kitu. Mwombe akufugie. Hapa watu wanafugishana ng'ombe, sembuse kuku? Lakini fanya haraka, mayai hayajapoa."

Severina alikuwa amevaa viatu vyake vya safari. Akavivua, akakimbia.

"Dada," alisema akihema, "mjini sina banda. Huyu ataibwa. Nifugie. Akitotoa tutagawana."

Editha alimtazama mdogo wake. Akatazama na miguu yake iliyojaa vumbi.

"Haya, lete."

Akamfungua kamba. Kuku akarudi mwenyewe kwenye mayai yake, akajitandaza.

Basi lilikuwa limeshapita. Severina akalala hapo. Jioni, wakichambua mboga wawili tu, aliuliza alichopaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Dada, sasa hivi nini kinakusumbua zaidi?"

Editha akasema, "Mbegu. Na chanjo ya kideri. Ugonjwa ule ukiingia, kuku wote wanakwenda."

Safari iliyofuata Severina hakubeba kapu. Mbegu ya alizeti aliitia kwenye mkoba wake, akaitoa jikoni, bila mashahidi. Chanjo aliilipia mwenyewe. "Na wangu wamo humo," alisema, na hakuna aliyeona haya. Kisha akaketi, akashona sare za shule za watoto wa Editha zilizochanika. Hiyo ndiyo kazi anayoijua.

Alizeti ilichanua. Vifaranga wakakua, wakaanza kutaga. Calist naye akaanza kutembea bila gongo. Glasi bado zimo sandukuni, na maji yanaendelea kunywewa kwenye vikombe vya plastiki.

Siku moja Severina alipoaga, Editha alimletea jogoo mnene.

"Dada, mimi sikuja na kapu."

"Najua," alisema Editha. "Kwa wale kuku wa kwanza nilikuwa nalipa kapu. Huyu nakupa wewe."

Severina akampokea kwa mikono miwili.