Siku Tisa Alizonyamaza

Ukumbi ulifurika hadi mlangoni siku ile kaunti ilipowaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Kasyoka, afisa wa bajeti, ndiye aliyeshika kipaza sauti, na alikuwa amechoka tangu asubuhi. Mbele yake alisimama mwanamume wa kanzu nyeupe, akinukia udi, akimfasiria mkimbizi wa Kiyemeni aitwaye Afaf. Mama huyo alieleza jinsi ofisi ndogo ya mtaa wa Kibokoni, inayoendeshwa kwa fungu la kaunti, ilivyomtafutia yeye na wanawe watatu chumba, shule na matibabu.

"Dakika zako tatu zimekwisha, bwana," Kasyoka akasema.

"Zangu bado sijazianza, bibiye. Hizo zilikuwa zake."

Ukumbi mzima ukacheka, na Kasyoka naye akajikuta anacheka.

Mwanamume huyo, Idarus, ndiye aliyekuwa na ofisi ile, katika chumba cha chini cha nyumba ya nyanyake. Alimpigia Kasyoka simu jioni ile ile.

"Nna swali la bajeti."

"Swali gani?"

"Nimelisahau."

"Basi umenidanganya."

"Kidogo tu, roho yangu."

"Roho yako tangu lini?"

"Tangu kipaza sauti."

Wakapendana hivyo kwa miezi minne. Kila Jumamosi Kasyoka alivaa gauni lake la maua, akaenda Kibokoni kula mahamri na mbaazi barazani kwa kina Idarus. Majirani walimkodolea macho huyu Mkamba mgeni, kisha wakamzoea.

Halafu kamati ikaamua kulifuta fungu la ofisi ile. Kasyoka alilipigania vikao viwili, akashindwa, na barua ya kuiarifu ofisi akaamriwa aiandike yeye. Kiapo cha kazi kilimkataza kusema lolote kabla ya barua kutoka. Siku tisa alipokea simu za Idarus, akaitika kwa mahaba, akanyamaza.

Barua ilipomfikia, Idarus alipiga mara moja tu.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na Jumamosi, ulipokaa kwetu ukala, ulikuwa wajua?"

"Nilijua."

Simu ikakatwa. Tangu siku hiyo, kila Kasyoka alipopiga, iliita mpaka ikanyamaza.

Jumamosi ya tatu, saa nne asubuhi, alikwenda mwenyewe, kavaa dera lililopauka, hana hata wanja. Madawati yalikuwa yametolewa kichochoroni. Afaf alikuwa akifunga mafaili kwa kamba.

"Yuko ndani," Afaf akasema kwa Kiswahili chake kipya. "Jana hakula."

Idarus alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sikuja kujitetea," Kasyoka akamwambia. "Kila uliponiita roho yangu, nilikuwa najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikula kiapo. Na niliogopa, Idarus. Kiapo kilinipa pa kujificha. Lakini ningekwambia, ungefanya nini?"

"Singefanya kitu. Ningekasirika mapema, basi. Lakini tungekuwa wawili."

Kasyoka akasema, "Jana nilikwenda shuleni kwa watoto wa Afaf. Wamekubaliwa wamalize muhula. Baada ya hapo sijui."

"Hata mimi sijui." Idarus alijifuta uso kwa kiganja. "Wiki tatu nimekukasirikia, na hasira nayo ni kazi. Nimechoka, Kasyoka. Mamangu atauliza dini yako, babako atauliza yangu, na Jumatatu chumba hiki ni cha muuza viatu. Sina la kukuahidi. Lakini kama ni kuchoka, nataka nichoke nawe, nyumba moja. Wanikubali?"

Kasyoka alidhani atalia, lakini machozi hayakuja.

"Sogea," akasema. Akaketi, akaegemeza kichwa begani mwake. "Nakubali. Ila kwa baba utasema wewe."

"Nitasema."

Nje Afaf aliita kwamba mkokoteni umefika. Walimsikia, wala hawakuinuka mara moja.