Nakala ya Saa ya Chai

Kila asubuhi Patience alichomeka flashi kwenye kompyuta ya kliniki ya familia yao, mjini Koboko. Alinakili hifadhidata, yaani daftari la kompyuta lenye habari za wajawazito. Kwenye kompyuta ya pili, mama mkwe wake, mkunga Rosina, aliendelea kuandika humohumo.

Patience alitamani kumwambia asubiri. Lakini yeye ni mke wa mwana, hupiga magoti akimpa chai. Amwamuruje?

Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Kompyuta kubwa, ile yenye hifadhidata, ikanuka moshi, ikazima. Mlangoni mjamzito Agnes Keji kutoka Midia alikuwa ameshika tumbo.

"Mama Rosina, homa iko. Lakini ile sindano iliyonivimbisha uso, msinipe tena! Jina mliandika."

Patience alijaribu flashi. Haikufunguka.

"Flashi yako hii iko na kazi gani?" Rosina alifoka.

Hawakuthubutu kumchoma sindano yoyote. Walimpoza kwa maji, wakamwita fundi Kenneth kutoka Arua. Adhuhuri alifika, akatoa diski kwenye kompyuta iliyoungua, akaisoma. Dawa ile ilikuwa penisilini. Keji akapewa nyingine.

"Bahati tu, diski ilipona," Kenneth alisema. "Hifadhidata ilinakiliwa kwenye flashi watu wakiandika. Nakala ikatoka nusu."

"Sasa tufanye nini?" Rosina aliuliza.

"Njia ni mbili. Mnafunga hifadhidata, kila mtu anatoka, mnanakili. Ni rahisi, nakala inatoka nzima, ila kazi inasimama. Au mnaweka programu maalumu inayonakili kazi ikiendelea. Hiyo inafaa hospitali kubwa isiyoweza kufunga, lakini inataka fundi wa kuiangalia."

"Kufunga ni muda gani?"

"Dakika tano."

"Tano! Chai yangu peke yake ni kumi!"

Wakachagua kufunga saa ya chai. Kila siku baada ya kunakili, flashi ilichomolewa, ikawekwa nyumbani. Kila Jumamosi Patience aliifungua kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha. Ilifunguka kila mara.

Baada ya wiki nane Keji alijifungua salama. Rosina aliketi kuandika jina la mtoto, Poni, akiimba. Chai ikaja. Hakuinuka.

"Ngoja, namalizia."

Patience alipiga magoti na kikombe.

"Mama, ukiandika ninaponakili, nakala inaharibika. Nilitaka kukuambia tangu zamani, nikaogopa. Tafadhali, malizia, halafu utoke. Mimi nafunga."

Rosina alimalizia jina, akatoka kwenye hifadhidata, akapokea kikombe.