Kinanda Kikinyamaza, Endelea

"Jepchumba! Unasoma au unacheza?"

Jepchumba aligutuka, mwiko mkononi, kiuno kimeenda upande na hakijarudi. Akavua hedfoni.

"Nasoma, Anti."

"Na kiuno?"

"Kiuno nacho kinasoma."

Anti Rispah hakucheka. Alikuwa ametoka shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, viatu vyake vyeupe kavishika mkononi. Hakuwa shangazi wa damu. Alisoma na mama yake Jepchumba huko Eldoret, na ndiye aliyempokea hapa Minto, ughaibuni, siku alipotua na sanduku lake moja, akampa chumba, akampa koti, akampa na masharti.

"Ule mtihani wa dawa ulikuangusha mwaka jana," alisema. "Ukikuangusha tena, chuo kinakutoa. Uuguzi basi."

"Najua, Anti."

"Mimi nilisoma kwa kimya, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Hakuna aliyeniimbia. Huyo kijana wako wa kinanda atakuponza."

"Égide ananisaidia, Anti. Kweli kabisa."

"Tutaona."

Égide. Jina lenyewe lilimfanya Jepchumba ageuke kwenye sufuria ili Anti asimwone anatabasamu.

Walikutana kwenye maktaba ya Macquarie Fields. Jepchumba alikuwa amekaa mbele ya kitabu kinene, anasoma ukurasa uleule mara ya nne, na ng'ambo ya meza kulikuwa na mtu anagonga gonga vidole.

"Kaka, meza hii ina watu wawili."

"Samahani sana, dada. Ninasoma."

"Kwa vidole?"

"Umeme una mapigo yake." Akageuza kitabu chake: uhandisi wa umeme, mwaka wa mwisho. "Na wewe? Unasoma, au unakitazama tu hicho kitabu kikutazame?"

Alitaka kukasirika. Akacheka.

Kijana alikuwa Mrundi, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mpiga kinanda wa kwaya moja huko Merrylands. Alisoma kwa namna ambayo Jepchumba hakuwahi kuiona. Simu aliifungia kwenye begi, na begi akaliweka kiti cha mbali. Kila somo alilipangia muziki wake mmoja tu, wa kinanda, usio na maneno ya kumvuta mawazo. Muziki ukiisha alisimama, akanywa maji, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Usiku alilala, mtihani uwepo usiwepo.

"Unalala vipi na mtihani unakuja?"

"Écoute, sikiliza, Jepchumba. Kichwa kilichochoka ni kinanda kisicho na umeme. Unaweza kubonyeza mpaka kesho."

Akampa wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya kwaya. Jepchumba akautilia maneno yake, ya dawa za moyo:

Pima mapigo, usiharakishe,
yakipungua sitini, dawa uirudishe,
potasiamu ikishuka, simama uulize.

Égide alipousikia mara ya kwanza alicheka mpaka mkutubi akawatazama.

"Pasta akijua wimbo wa Bwana umekuwa wa potasiamu!"

"Bwana ndiye aliyeumba potasiamu."

"Voilà. Nimeshindwa."

Jumamosi moja alimpeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Siméon, mwalimu wa kwaya, mzee mrefu mwenye sweta hata wakati wa joto, aliongoza bila karatasi. Wimbo ulipopamba moto aliinua mkono akaufumba ngumi. Kinanda kikakatika. Sauti zote zikakatika. Ukumbi kimya, watu wamesimama wima, midomo imefungwa. Kisha Siméon akafumbua kiganja, na kwaya nzima ikaingia kwa neno moja, na kinanda nacho, kana kwamba wimbo haukuwahi kusimama.

Jepchumba alisisimka.

"Mmefanyaje?" alimwuliza Égide baadaye.

"Kambini kinanda chetu kilitumia betri ya sola. Ilikuwa inakufa katikati ya ibada. Sasa Siméon akatufundisha: kinanda kikinyamaza, wewe endelea moyoni. Betri ikiamka, itukute tulipo. Mpaka leo tunafanya mazoezi hivyo, ingawa umeme wa hapa haukatiki."

"Na wewe hujawahi kukosea?"

"Kuingia? Mimi?" Akajifanya ameudhika. "Sijawahi kukosa kuingia, tangu nikiwa mdogo."

Jepchumba alimwangalia namna anavyokunja nyaya za kinanda, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto, akajua kwamba hapa ameshikwa.

Basi ikaja siku ya mtihani wa majaribio.

Ukumbi mkubwa. Hedfoni nje, simu nje. Jepchumba akafungua karatasi: mzee ana dawa ya moyo, mapigo yake hivi, damu yake hivi, utafanya nini? Akaufuata wimbo kichwani. Haukuwepo. Palikuwa na kiyoyozi kinachovuma na kalamu za wenzake zinazokwaruza. Alijaribu mstari wa kwanza. Alijaribu kiuno. Hakuna.

Alipotoka, Égide alikuwa anamngoja kwenye benchi chini ya mjakaranda, chapati mbili kwenye karatasi ya foili.

"Imekuwaje?"

"Imekuwaje? Nimekaa kama gogo! Bila kinanda chako sijui kitu!"

"Pole. Tulia kwanza, tuangalie tatizo ni..."

"Tatizo ni wewe! Umenifundisha kucheza, hukunifundisha kusoma. Anti alisema."

"Jepchumba, nisikilize."

"Hapana! Nyinyi mmezoea kelele za kambi, mnaweza kusoma popote. Mimi si mtu wa kambi."

Maneno yalitoka, yakakaa pale kati yao. Wala hakuweza kuyarudisha.

Égide alitazama chini. Akaweka chapati kwenye benchi, polepole, upande wa Jepchumba.

"Bon," alisema. "Kula, hujala tangu asubuhi."

Akaondoka. Maua ya zambarau yalikuwa yamemdondokea mabegani na hakuyapangusa.

Nyumbani Minto sasa kulikuwa kimya, kimya alichokitaka Anti. Jepchumba alikaa nacho mezani wiki nzima, na hakikumfundisha kitu. Jumapili mchana, Anti akiwa anakata sukuma wiki, akauliza bila kugeuka:

"Yule wa kinanda simsikii. Yuko wapi?"

"Tumekosana."

"Kisa?"

Jepchumba akamweleza yote, hata lile la kambi. Kisu kikasimama.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilikuwa na hasira, Anti."

"Wewe unajua kuna mzee ninayemwogesha kila siku, kila siku ananiambia nirudi nilikotoka? Namwosha, namkausha, nampaka mafuta. Naijua hiyo sentensi, Jepchumba. Inabadilisha nguo tu." Akafuta mikono. "Nilikuambia usome kwa kimya. Sikukuambia uwe na roho mbaya. Chukua simu."

"Nitamwambia nini?"

"Ukweli. Mfupi."

Akaandika: *Égide, nilikuumiza. Si mtihani, si uchovu, ni mimi niliyesema. Ninakuomba radhi. Huna haja ya kunijibu.*

Jibu lilikuja jioni, likiwa na sauti iliyorekodiwa.

*Nimesoma. Bado inauma, sitakudanganya. Lakini mtihani wako haungoji mimi nipoe. Na mimi nina kosa langu: nilikupa kinanda, sikukupa ngumi. Nilikufundisha nusu. Sikiliza hii.*

Alibonyeza. Ulikuwa wimbo wao, kinanda peke yake. Ukaenda kidogo, ukakatika. Kimya. Ukarudi, si pale ulipoachia, bali pale ambapo ungekuwa umefika. Ukaenda tena, ukakatika, kimya kirefu zaidi. Kila mara kinanda kilipungua na kimya kikakua, mpaka mwisho ilibaki noti moja ya kuanzia, kisha hakuna kitu hadi noti ya kumalizia.

Jepchumba alifunika mdomo kwa kiganja. Mtu aliyetukanwa alikaa chini, akampimia ukimya kidogo kidogo, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa.

*Na sisi?* akaandika.

*Sisi baada ya mtihani. Kwanza upite.*

Kuanzia hapo alisoma na ule wimbo, kila alasiri, simu mbali, spika ndogo juu ya friji. Kinanda kikikatika, anafumba ngumi na kuendelea moyoni: mapigo, sitini, potasiamu. Mwanzoni alipotea kila mara. Kinanda kilirudi kikamkuta bado yuko kwenye mapigo. Alirudia. Akatembea hadi mlangoni, akanywa maji, akarudi. Saa ya kulala ilipofika alilala.

Alasiri moja kinanda kilikuwa kimenyamaza, naye amefumba macho, mara sauti ikatoka jikoni:

"Potasiamu ikishuka..."

"Umewahi mno, Anti."

"Aa! Nyamaza, nilikuwa nakohoa tu."

Siku ya mtihani Anti alimkaangia mayai, akamshika bega mlangoni.

Ukumbi ni uleule, kiyoyozi kilekile. Karatasi ikafunguliwa. Safari hii ni bibi kizee, dawa ya moyo, mapigo yamepungua, anatapika, anaona kila kitu kina rangi ya manjano. Jepchumba hakuutafuta wimbo. Aliweka mkono wa kushoto chini ya meza, akaufumba ngumi.

Kimya. Ndani ya kile kimya, taratibu, wimbo ulikuwa unaendelea kama haujawahi kusimama.

Akaandika mpaka mkono ukamuuma.

Matokeo yalitoka Jumamosi moja ya Desemba, joto limepanda hata jogoo wa jirani hawiki. Jepchumba aliyasoma, akayasoma tena, akampa Anti simu. Anti akavaa miwani. Kisha akavua miwani, akaanza kulia na kucheka pamoja, akimpiga Jepchumba mgongoni kama anamfuta vumbi.

"Mpigie yule mtoto!"

"Simpigii. Naenda."

"Wapi?"

"Merrylands. Leo wana mazoezi."

"Hata nguo hujabadilisha!"

Lakini Jepchumba alikuwa ameshafika getini.

Njia nzima kwenye treni alipanga maneno. Alipofika nje ya ukumbi yote yalikuwa yamemtoka. Ndani walikuwa wanaimba wimbo ule, ule wenyewe. Akashika kitasa, akasukuma mlango polepole, na sekunde hiyohiyo Siméon akafumba ngumi.

Kimya.

Kwaya nzima imesimama midomo imefungwa, na mlango unalia kwiii kwenye bawaba zake. Égide aliinua macho kutoka kwenye kinanda. Akamwona.

Jepchumba hakusogea. Alifanya kile tu alichozoea kufanya kinanda kikinyamaza: aliendelea moyoni.

Siméon akafumbua kiganja. Kwaya ikaingia kama mtu mmoja, na kutoka mlangoni ikaingia sauti nyingine, mahali palepale, kwa nguvu kabisa:

"Potasiamu ikishuka, simama uulize!"

Waimbaji wa sauti ya pili walivunjika kwa kicheko. Kisha wa sauti ya tatu. Ndipo watu wakatambua kitu kingine: kinanda hakikuingia. Égide alikuwa amekaa mikono hewani, anatazama mlango, hayuko duniani.

"Égide!" Siméon akashika kiuno. "Miaka yote hii! Betri imekufa, hujakosa. Mvua imebomoa hema, hujakosa. Leo umeme upo, umekosa! Huyu binti wa mlangoni kaingia, wewe uko wapi?"

"Nisamehe, mwalimu. Nilikuwa nimeshafika mbali."

"Nimepita," Jepchumba alisema kutoka mlangoni. "Égide, nimepita."

Égide akasimama. "Mimi pia nilipita, wiki iliyopita. Ila leo nimefeli. Mbele ya kwaya nzima."

Watu walicheka, lakini Jepchumba hakucheka. Alitembea mpaka kwenye kinanda.

"Nilisema mimi si mtu wa kambi. Wacha niseme mbele yao pia, maana niliwatukana wote. Kilichonivusha kilitoka kambini. Kilitoka kwenye betri yenu iliyokuwa inakufa. Mnisamehe."

Égide akakizunguka kinanda, akaja mbele yake.

"Lile neno lilikaa na mimi siku nyingi," alisema kwa upole. "Nilikuwa nalisikia kila nikikaa kwenye kinanda. Leo umefungua mlango, sikusikia kitu. Hata kwaya sikuisikia."

"Sasa tumepatana?"

"Wewe ulishaingia. Mimi ndiye niliyechelewa."

Simu ya Jepchumba ikalia. Jina la Anti Rispah likawaka, na kabla Jepchumba hajaiweka vizuri sikioni sauti ilishajaa ukumbi:

"Umemwona? Mpe simu! Haya, mwambie kesho napika. Aje kula. Kama ana la kusema, aje na wazee wake, mimi sizungumzi na watoto."

"Wazee tupo hapa, mama!" Siméon akajibu kwa mbali, na kwaya nzima ikashangilia.

"Vizuri! Na kinanda asisahau, nina mahali ninapoingia vibaya."

Égide aliinamisha uso, anacheka, masikio yamemwiva kwa haya. Jepchumba alitaka kukaa na watazamaji nyuma, lakini mama mmoja wa sauti ya pili akamvuta mkono, akamsimamisha kwenye mstari wake.

"Toka mwanzo," Siméon alisema.

Wakaimba. Wimbo ulipopamba moto mkono wa mzee ukapanda, ngumi ikafumbwa, kila kitu kikanyamaza. Katika kile kimya Égide alimtazama Jepchumba, naye akamtazama, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shaka wimbo umefika wapi.